Besi Iliyojibu kwa Niaba ya Ongya

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni kwangu na funguo za gari mkononi, huku gari lenyewe limeshavuka daraja na mwenyewe mpya.

Kwa aliyekuwa safarini, habari ni fupi. Mimi ni Lo Tsonghian, wengi huniita A-Hian, mkodishaji wa vyombo vya muziki hapa kijijini Kangbue. Nilibadilishana gari la mke wangu kwa seti ya spika bila kumwambia. Aliporudi kutoka kazini akakuta spika kumi na sita zimejipanga pale gari lake linapolala.

Hakulia, hakutukana. Alichukua mswaki wake akaenda kwa baba yake, nyumba tatu kutoka hekaluni.

Angetukana ningejua pa kuanzia. Mswaki ulinimaliza.

Siku ya nne nilijikaza nikamfuata. Alinipokea uani, hata kigoda hakunipa.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, A-Hian. Hizo spika zako zina nini ambacho gari langu halina?"

"Zinafika mbali bila kelele, Peishan. Wa meza ya mbele hazibwi masikio, na wa meza ya nyuma anasikia neno kwa neno. Kwa shughuli ndogo kama zetu hizi ndizo zenyewe. Siyo yale makabati ya binamu yako, mbele yanakuua, nyuma husikii kitu..."

"Binamu yangu sijakuuliza. Sikukuu ya Ongya mwaka huu ina meza ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Haya. Nitakaa meza ya thelathini na sita, ile ya karibu na banda la bata. Nikisikia kila neno, narudi nyumbani siku hiyo hiyo. Likinipita hata moja, usije tena kunigongea mlango hapa."

Nikataka kufurahi, kisha nikakumbuka nimeoa nani. Mke wangu ana duka mjini Chiayi la kupima masikio ya wazee na kuwavalisha vifaa vya kusikilizia. Siku sita kwa wiki kazi yake ni kujua nani amesikia na nani anajifanya amesikia. Mtu wa namna hiyo humpigi chenga.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kifuani mwangu asubuhi ya sikukuu ya Ongya, mungu wa hekalu letu.

Saa kumi na mbili nilikuwa nimeshafika uwanjani, mbele ya ngazi za hekalu. Spika zangu ni za safu: visanduku vidogo vidogo, kila kimoja kama mkate wa kukata, unavining'iniza kwenye nguzo, vinane kila upande, kimoja chini ya kingine. Unavikunja kidogo kama mtu anayeinama kusalimia. Vya juu vinasema na meza za mwisho, vya chini vinasema na meza za mbele, na hakuna anayemwingilia mwenzake. Nilivikunja, nikavipima, nikavikunja tena, macho yangu yote yako kwenye banda la bata.

"Shemeji, hizo ni spika au mabirika?"

Sikuhitaji kugeuka. A-Kiat, binamu wa Peishan, alikuwa nyuma yangu anatafuna popoo, kikombe cha kutemea mkononi. Miaka kumi na minane sikukuu hii ilikuwa yake na ukuta wake wa makabati, kila moja unaweza kumfungia ng'ombe ndani. Mwaka huu baba mkwe alinipa mimi, na sababu kila mtu aliijua: alitaka binti yake apate kisingizio cha kurudi kwangu.

"Ongya ana miaka mia tatu," A-Kiat akaendelea. "Unadhani atasikia nini kwa vikopo hivyo?"

"Atasikia maneno. Kwako alikuwa anasikia ngurumo tu, hajui hata wimbo gani unaimbwa."

"Sikukuu isiyonguruma siyo sikukuu, shemeji. Hicho ni kikao cha wazazi shuleni."

Wazee wa kamati waliokuwa wanapanga viti vyekundu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ila changu kilikuwa cha menoni.

"Basi pumzika mwaka huu, kula ushibe," nikamwambia.

"Nipumzike wapi? Lori langu liko nyuma ya hekalu na ukuta mzima umo ndani. Nasubiri vibao tu."

Lori lile mnalijua, ndilo lililoniangushia ukuta wa choo katika ule mkasa wa tatu niliowasimulia. Likiwashwa, vikombe vya chai vinatembea mezani vyenyewe.

"Vibao vina uhusiano gani na spika?"

"Leo anachaguliwa Mwenye Chetezo. Nikiwa mimi, shughuli ni yangu tangu dakika ile. Nusu saa, vikopo vyako viko chini." Akatema kikombeni, akaondoka anapiga mluzi.

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Kila mwaka Ongya anachagua mtu mmoja wa kutunza chetezo chake na kukaa na sanamu yake nyumbani mwaka mzima. Jina la kila mwenye nyumba linasomwa mbele yake, kisha vinarushwa vibao viwili vya mbao vyenye umbo la korosho, tumbo bapa, mgongo wa mviringo. Tumbo moja juu na moja chini, amekubali. Matumbo yote juu, anakucheka. Matumbo yote chini, amekataa, kaa chini. Anayekubaliwa mara nyingi zaidi mfululizo ndiye anayechukua.

Kwa hiyo A-Kiat akishinda, spika zangu zinashuka kabla hata sahani ya kwanza haijaletwa, na Peishan ataketi kwenye meza ya thelathini na sita akisikiliza ukuta wa binamu yake. Hapo kila kitu kinakwisha.

Nilikuwa bado nimeduwaa baba mkwe alipofika. Mzee Ngo Thiansai, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, kofia ya manjano, kizibao chekundu, mikono nyuma. Hakutazama spika za nguzoni hata kidogo. Alisimama mbele ya makabati mawili ya besi niliyoyaweka chini ya ngazi.

Niwaeleze jambo hapa, maana mkasa wote umelala juu yake. Spika ndogo zina adabu, ukizielekeza huku zinasema huku. Besi, ile sauti nzito, haina adabu. Unaielekeza mbele kwa watu, yenyewe inazunguka, inapanda ngazi, inaingia hekaluni na kuanza kutikisa mishumaa. Dawa yake nilifundishwa na muuzaji kule Taichung: moja itazame mbele, ya pili uigeuze itazame nyuma, uziwekee mpango wake kwenye mitambo, basi zinafutana huku nyuma na watu wa mbele wanapata besi yao kamili. Nilifanya hivyo hivyo, na nilipojaribu, ndani ya hekalu kulikuwa kimya.

"Mkwe," baba mkwe akasema, "hili moja mbona limewapa wageni mgongo?"

"Linatazama nyuma makusudi, Baba. Ili huku ndani pasiwe na kelele."

"Nyuma kuna nani?"

Nikageuka. Ongya alikuwa kwenye kiti chake, uso mweusi kwa moshi, ndevu hadi kifuani, anatazamana ana kwa ana na kabati langu la besi.

"Kuna Ongya, Baba."

"Kwa hiyo siku ya kuzaliwa kwake unataka kumngurumia usoni?"

"Hapana, Baba. Likimtazama ndiyo halimsumbui. Likimpa mgongo ndiyo linamsumbua."

"Unajisikia unavyosema?"

Nilijisikia. Na wazee wa kamati walinisikia, wakaacha viti vyao wakasogea.

"Kijana amechanganyikiwa tangu mke aondoke," mmoja akasema, wala hakujisumbua kunong'ona.

"Geuza," baba mkwe akaamuru.

"Baba, nipe dakika mbili nikuonyeshe..."

"A-Hian. Unamtaka binti yangu au humtaka?"

Nikageuza. Na hapa ninaungama kosa la kwanza: nilijua kitakachotokea. Nilijua besi yote itapanda ngazi na kuingia hadi miguuni pa Ongya. Lakini mkwe asiyekuwa na mke hana nguvu za kubishana na baba mkwe, kwa hiyo nikayaweka makabati yote mawili yakatazama mbele kwa heshima kubwa.

Saa nne kamili tukaanza. Baba mkwe alisimama mbele ya madhabahu na maikrofoni, katibu pembeni yake na orodha. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti cha mlango, kishikwambi cha kuendeshea mitambo mikononi, nimeweka ngoma na zumari za hekalu zilie chinichini ili pasiwe pakavu. Kutoka pale ningeweza kuona ndani, na nikigeuza shingo naona hadi mwisho wa uwanja.

Peishan alikuwa ameshakaa. Meza ya thelathini na sita, peke yake, kikombe cha chai mbele yake, bata nyuma yake.

Majina yakaanza kusomwa. Msinione ninajisifu, lakini zile spika zilifanya kazi. Bibi mmoja wa meza ya ishirini alisema kwa sauti kuwa leo ndiyo mara ya kwanza kusikia jina la mwanawe likitoka kwenye spika likiwa na herufi zake zote. Nikamtazama Peishan. Hakunitazama.

Ongya naye aliamka na nongwa. Jina hili, amekataa. Hili, amecheka. Lile, kakubali mara moja kisha kakataa. Watu wakaanza kuchungulia jikoni kama ng'onda, wale samaki wakavu, wameshaanza kukatwa.

"Ngo Bunkiat!"

Huyo ndiye A-Kiat. Akapiga magoti, vibao vikarushwa.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu!"

Kila hesabu ilinikata maini. Nne. Tano. Ya sita vikaanguka matumbo yote chini, nikavuta pumzi. Lakini tano ni nyingi. Mwaka juzi mtu alichukua kwa nne.

A-Kiat akainuka anapangusa magoti, akanipitia karibu. "Anza kufungua nati, shemeji. Mimi sipendi kuchelewesha chakula cha watu."

Yakasomwa majina mengine ishirini, hakuna aliyefika hata tatu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitaishi vipi na spika kumi na sita na mswaki mmoja, ndipo nikasikia jina langu.

"Lo Tsonghian!"

Kosa la pili hilo hapo. Jina langu halikutakiwa kuwemo. Ongya akipelekwa nyumbani kwa Mwenye Chetezo, anayempokea mlangoni na udi ni mke wa nyumba ile. Mwenye nyumba asiye na mke ndani huenda kwa katibu kimyakimya akaomba afutwe mwaka huo. Mimi niliona aibu, sikwenda. Baba mkwe naye hakunifuta, maana angenifuta kijiji kizima kingejua binti yake amerudi kwao. Kana kwamba kilikuwa hakijui.

Kishikwambi nikakibana kwapani, nikapiga magoti palepale kizingitini. Vibao vikarushwa.

"Moja!"

Sikujali. Kila mtu hupata moja.

"Mbili! Tatu!"

Nikatazama meza ya thelathini na sita.

"Nne!"

Wazee wa kamati wakasogea. A-Kiat akaacha kutafuna.

"Tano!"

Sasa tulikuwa sawa. Na sare kwa kawaida yetu ni ya mwenye umri mkubwa. A-Kiat ananizidi miaka minne. Kwa hiyo ya sita ikikubali ni mimi, ikikataa ni yeye.

Baba mkwe akavishika vibao kwa mikono miwili, akavizungusha juu ya moshi wa chetezo, akavirusha. Cha kwanza kikaanguka, kikatulia, tumbo chini. Cha pili kikadunda, kikazunguka kama pia, kikasimama.

Simaanishi kilitulia. Kilisimama wima juu ya ncha yake, hakikuegemea chochote.

Mama mmoja akapiga yowe. Watu wakapiga magoti hadi nje kwenye meza, simu zote zikainuliwa. Kibao kilichosimama hapa Kangbue kimeonekana mara mbili tu, na mara zote mbili bado zinasimuliwa.

"Asiguse mtu!" baba mkwe akafoka. "Asipulize mtu! Kiacheni kianguke chenyewe, hilo ndilo jibu."

Tukasubiri. Mimi nilikuwa na jicho la fundi, nikakitazama vizuri. Kilikuwa kimelalia upande kidogo sana, kiasi cha unywele, na tumbo lake lilikuwa linaelekea chini. Kikianguka chenyewe, matumbo mawili chini. Nimekataliwa. A-Kiat anashusha ukuta wake, na mke wangu anabaki kwa baba yake.

A-Kiat naye alikwisha kuliona hilo. Alikuwa anatabasamu, meno mekundu yote nje.

Haya, sikilizeni ungamo lenyewe. Kishikwambi kilikuwa kwapani, kikashuka hadi mkononi. Kidole gumba changu kikapanda juu ya kitufe cha besi. Sikukituma mimi, nilitaka kuandika hivyo, lakini nimeahidi kusema kweli kwenye safu hii ya gazeti. Nilikituma. Nilikipandisha kitufe upana wa ukucha, ngoma ya hekalu ikapiga mara mbili, *du, du,* besi ikageuka, ikapanda ngazi kama nilivyojua itapanda, ikapita chini ya magoti yangu, ikafika miguuni pa Ongya.

Kibao kikatetema, kikageuka nusu mzunguko, kikaanguka. Tumbo juu.

Nikakirudisha kitufe chini.

"Sita!" katibu akapiga kelele, sauti ikamkatika.

Sijawahi kuona watu wakipagawa vile. Fataki zikawashwa kabla ya saa yake. Wazee walionicheka asubuhi walinikumbatia mmoja mmoja. Baba mkwe, mtu ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kunishika hata bega, alinishika masikio yote mawili, machozi yanamlengalenga.

"Umeona? Ongya mwenyewe anamrudisha binti yangu kwako!" Akageukia maikrofoni. "Peishan! Njoo mwanangu! Unarudi nyumbani na mungu mzima!"

Uwanja ukamgeukia. Peishan akainuka, akaja taratibu kati ya meza, kikombe cha chai mkononi. Nilimwona kama siku ya harusi. Nilisahau kabisa nilichokifanya, nawaapia, nilisahau kwa muda wote aliotembea.

Akanishika mkono akanivuta nyuma ya nguzo ya spika.

"Ulisikia majina?" nikawahi kumuuliza.

"Yote. Nilisikia hadi katibu akipenga kamasi."

"Basi umesikia kila neno! Peishan, umesikia kila neno!"

"Nilisikia na kingine." Akanionyesha kikombe. "Hiki kilikuwa mezani, kimetulia. Watu wote wako kimya, hakuna aliyepumua. Mara chai ikapiga mikunjo. Mara mbili. Kisha ndiyo watu wakashangilia."

"Zitakuwa fataki."

"Fataki zilikuja baadaye. Hiyo ilikuwa besi, ilikuja na ikaondoka. Mimi napima masikio ya watu siku sita kwa wiki, A-Hian, usiniambie habari za fataki."

Nilitazama viatu vyangu, nikatazama vyake.

"Peishan, nilikuwa nakupoteza."

"Gari langu ulilitoa hukuniambia. Leo umemtia maneno mdomoni Ongya, na bado ulikuwa huniambii." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Haya. Ya wengine nimeyasikia yote. Ya kwako bado."

"Unataka nifanye nini?"

"Sasa hivi watakupa maikrofoni uwasalimu watu. Mimi narudi meza ya thelathini na sita. Nataka kusikia kila neno."

Akaondoka na kikombe chake.

Walinivika mshipi mwekundu, wakanisimamisha juu ya ngazi, wakanipa maikrofoni. Mbele yangu meza thelathini na sita, watu wamekaa, wapishi wamesimama na sahani za ng'onda. Nyuma yangu Ongya. Pembeni A-Kiat amekunja mikono, uso umemvimba.

Ningeweza kudanganya. Spika zangu zingeufikisha uwongo wangu salama salimini hadi bandani kwa bata, neno kwa neno, hakuna ambalo lingepotea. Mtu hununua chombo kizuri hajui kwamba siku moja atatakiwa aseme kitu kinachofaa kusikika.

"Peishan," nikasema. "Unanisikia?"

Kule mwisho mkono ukainuka.

"Kibao hakikuanguka chenyewe. Nilikiangusha mimi, kwa besi. Nilipandisha kitufe hapa mkononi kwa sababu niliogopa A-Kiat akishinda atashusha spika zangu, na wewe hutarudi. Ongya hakusema kitu. Nilisema mimi. Na gari lako pia nilikosea, ningekuuliza ungeniambia hapana, ndiyo maana sikukuuliza."

Nikashusha maikrofoni. Kule bandani nikasikia bata mmoja akijikung'uta mabawa.

"Mshenzi!" A-Kiat akalipuka. "Nilijua! Mimi nilijua! Mungu wa miaka mia tatu anatekenywa na mkodishaji wa mabirika!"

"A-Kiat, ngoja," baba mkwe akasema.

"Ningoje nini? Nina tano na yeye ni tapeli! Naleta lori!" Akakimbilia nyuma ya hekalu, popoo inamtoka mdomoni.

Baba mkwe akanijia. Nilidhani atanipiga, nikafumba macho. Akaninyang'anya kishikwambi.

"Hiki kinazimwa wapi?"

Nikamwonyesha.

"Zima. Zima kila kitu, na nyaya uchomoe."

Nikachomoa. Spika zote zikafa. Yeye akaviokota vibao sakafuni, akageukia watu, na bila maikrofoni alilazimika kupiga kelele.

"Tunarudia ya sita! Ongya akikubali, chetezo ni cha mkwe wangu, na mambo ya besi ayamalize na Ongya wenyewe wawili huko nyumbani. Akikataa, vikopo vyake vinashuka, na binti yangu hakanyagi tena kwa mtu huyu!"

"Baba!" Sauti ilitoka mbali, meza ya mwisho. "Miguu ni yangu! Nikikanyaga nisikanyage, usimuulize Ongya!"

Kuna watu walicheka. Peishan alikuwa ameshasimama, anakuja, safari hii haraka, kikombe amekiacha.

Baba mkwe hakumngoja. Aliviinua vibao juu ya moshi, midomo inamcheza, sijui alimwambia nini Ongya. Akarusha.

Cha kwanza kikaanguka, tumbo chini.

Cha pili kikadunda, kikazunguka, kikasimama.

Hakuna aliyepiga yowe. Hata simu hazikuinuliwa. Katibu aliiangusha kalamu yake, akaiacha palepale. Hapakuwa na umeme kwenye waya wowote, hapakuwa na ngoma, na kibao kilikuwa kimesimama juu ya ncha kama mara ya kwanza, ila sasa kilikuwa wima kabisa, hakikulalia upande wowote. Nilikitazama kwa jicho la fundi, sikuona kitaangukia upande gani.

Baba mkwe akapiga magoti. Mimi nilikuwa nimeshapiga bila kujua.

Nikahisi mtu anapiga magoti karibu yangu. Alikuwa anahema kwa kukimbia.

"Nimesikia kila neno," Peishan akaninong'oneza. "Kutoka meza ya mwisho."

Nikainua mkono nimshike.

"Usinishike. Ukitikisa sakafu nakuua."

Nikaurudisha mkono polepole, machozi yananitoka, naogopa hata kuyapangusa.

"Peishan, unarudi?"

Akanigeukia. Akafungua mdomo anijibu.

Nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka alipokaa Ongya, lori la A-Kiat likawashwa. Vikombe vya chai madhabahuni vikaanza kutembea vyenyewe, sakafu ikatetema chini ya magoti yetu, na safari hii kitufe hakikuwa mkononi mwangu.